Je, Wajua? Siri Zilizojificha Chini ya Tope la Pikipiki

Masika yakishika kasi, pikipiki inayorudi kutoka shamba huwa haina rangi. Tangi, injini, ekzosi na hata namba ya usajili, vyote vimevaa udongo. Mwenye chombo hufika nyumbani amechoka, akaiegemeza ukutani na kusema ataiosha Jumapili. Jumapili ikifika, tope limekauka kama tofali na kazi imekuwa mara mbili.

Wengi wetu tunaosha pikipiki ili ipendeze mbele ya abiria. Sababu hiyo ni nzuri, lakini ziko nyingine kubwa zaidi. Ndani ya ndoo ya maji, kipande cha sabuni na kitambaa kikuukuu kuna habari za madini, za miti ya Brazili na za mafundi wa majahazi. Ukizijua, utaosha kwa mkono mwingine.

Udongo mwekundu na kutu ni ndugu

Je, wajua kwamba vumbi jekundu la Iringa, Njombe au Kagera hupata rangi yake kutokana na kitu kile kile kinachokula spoki zako? Kitu hicho ni oksaidi ya chuma. Chuma kilichomo ndani ya miamba kimekutana na hewa na maji kwa maelfu ya miaka, kikageuka kuwa wekundu tunaoukanyaga. Chuma cha pikipiki nacho kikikutana na hewa na maji hupita njia hiyo hiyo, ila kwa miezi michache tu.

Ajabu haiishii hapo. Oksaidi hiyo ikisagwa hadi iwe laini kupita unga, ndiyo poda nyekundu ambayo masonara huisugulia dhahabu mpaka iwake. Mafundi wa darubini nao waliitumia kusugulia vioo. Na rangi nyekundu ambayo fundi wa mageti huipaka kwanza, ile waiitayo redi oksaidi, imebeba jina lake. Basi kitu kimoja ni uchafu barabarani, ni ugonjwa kwenye spoki, ni kinga kwenye geti na ni urembo mkononi mwa sonara.

Kitambaa kikavu ni msasa

Je, wajua kwamba mchanga wa kawaida ni mgumu kuliko rangi ya tangi lako, na kuliko hata chuma kingi kilichomo kwenye pikipiki? Mwaka 1812 mtaalamu wa madini Friedrich Mohs alipanga ugumu wa madini katika ngazi kumi, talki ikiwa ya kwanza na almasi ya kumi. Kwatzi, ambayo ndiyo chembe kubwa ya mchanga, iko ngazi ya saba. Alumini haifiki hata ya tatu.

Ndiyo maana anayepangusa vumbi kavu kwa fulana kuukuu huku akisubiri abiria anachora tangi lake kidogo kidogo. Mikwaruzo haionekani siku hiyo. Baada ya miezi kadhaa, jua likipiga, utaona mizunguko myembamba kama utando wa buibui, na rangi imefifia.

Udongo mweusi wa mbugani una tabia yake. Mfinyanzi wake hunyonya maji ukavimba, ukikauka hujikunyata na kung'ang'ania. Usiukwangue kwa kijiti wala bisibisi. Umwagie maji taratibu, uuache dakika kumi, kisha umwagie tena. Utaachia wenyewe, nao utaondoka na mchanga wake bila kuchora kitu.

Injini ya moto haipendi maji ya ghafla

Je, wajua kwamba chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi hujikunja kwa ghafla, upande mmoja ukitangulia mwingine? Diski ya breki inaweza kupinda, na ekzosi ikabaki na mabaka yasiyotoka. Sabuni nayo ikitua kwenye injini ya moto hukauka kabla haijafanya kazi yake, ikaacha madoa meupe.

Waoshaji wazoefu wana kipimo chao. Huweka kiganja karibu na injini bila kugusa. Joto likiwa bado linasukuma mkono, wanaanza na madigadi na rimu, au wanakunywa chai kwanza. Kivuli nacho ni muhimu. Tone la maji likikaukia juani huacha chumvi na chokaa zilizokuwa ndani yake, na doa hilo lina mduara unaoonekana wazi kwenye tangi jeusi.

Sabuni ina kichwa na mkia

Je, wajua kwamba kila chembe ya sabuni ina pande mbili zisizopatana? Upande mmoja unapenda maji, wa pili unapenda mafuta na kuyakimbia maji. Ukisugua grisi, mikia yote hujichomeka ndani ya tone la mafuta na vichwa vyote hubaki nje. Tone linakuwa mpira mdogo ambao maji yanaweza kuubeba. Bila sabuni, maji hupita juu ya grisi na kwenda zake.

Lipo jambo moja ambalo watengenezaji wa sabuni ya maji mitaani wanalijua vizuri: ikiwa nyepesi, huongeza chumvi ya mezani na sabuni inakuwa nzito. Kwa vyombo vya jikoni hakuna tatizo. Kwenye pikipiki, chumvi ikibaki kwenye viungo vya chuma huharakisha kutu, kwa sababu kutu ni kazi ya umeme mdogo, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu. Hiyo ndiyo sababu pikipiki ya Mombasa, Unguja au Kigamboni hushika kutu mapema kuliko ya Dodoma: hewa yenyewe imebeba chumvi ya bahari.

Funzo lake ni rahisi. Ndoo ya kusuuzia iwe kubwa kuliko ndoo ya povu. Na kama kisima chenu kina maji ya chumvi, tafuta walau dumu moja la maji yasiyo na chumvi la kumalizia.

Mapezi ya injini ni mapafu yake

Je, wajua kwa nini injini ya pikipiki nyingi za kazi imejaa matabaka membamba kama mapezi ya samaki? Injini hizo hupozwa na upepo. Mapezi huongeza eneo la chuma linalokutana na hewa, ili joto litoke haraka. Tope likijaza nafasi zake, ni kama kuvisha injini koti zito wakati wa jua kali.

Niliwahi kumtazama kijana mmoja mjini Morogoro akiosha pikipiki aina ya Boxer iliyotoka milimani. Alianza na chini. Alichukua mswaki mkuukuu, akauingiza kati ya pezi na pezi, akivuta tope kama mtu anayetoa magamba ya samaki. Alipofika pezi la nne alisimama. Palikuwa na oili mbichi, nyembamba kama uzi, ikishuka kutoka kwenye maungio. Chini ya tope isingeonekana kamwe. Mwenye pikipiki aliinama, akaigusa kwa kidole, akanusa, kisha akampigia fundi wake simu hapo hapo. Gasketi ilibadilishwa jioni ile, kabla injini haijaishiwa oili njiani.

Mashine ya presha ni rafiki wa kuogopwa

Je, wajua kwamba tairi ya pikipiki hubeba presha ya takriban baa 2, ilhali mashine ya kuoshea kwa presha kwa kawaida hufika baa 100 au zaidi? Mjerumani Alfred Kärcher ndiye aliyeunda mashine ya kwanza ya Ulaya ya kuosha kwa maji ya moto yenye presha kubwa, mwaka 1950. Tangu hapo kazi ya saa nzima imekuwa ya dakika chache.

Lakini maji yenye nguvu hiyo hayachagui. Yakielekezwa kwenye kitovu cha gurudumu husukuma ukingo wa mpira, yakaingia kwenye beringi na kuiondoa grisi. Gurudumu halitalalamika siku hiyo. Litaanza kuvuma wiki kadhaa baadaye, na hakuna atakayekumbuka kuosha. Maeneo ya kukwepa ni beringi za magurudumu na za usukani, swichi ya ufunguo, vitufe vya taa na honi, betri, na mdomo wa kichujio cha hewa. Mdomo wa ekzosi uzibwe kwa mfuko wa plastiki, na mfuko huo utolewe kabla ya kuwasha.

Cheni ina historia, na inataka mafuta ya taa

Je, wajua kwamba cheni iliyo kwenye pikipiki yako ni ya ukoo mmoja na ile iliyobuniwa na Hans Renold, fundi mzaliwa wa Uswisi, huko Manchester mwaka 1880? Siri yake ni virola vidogo vinavyozunguka juu ya bushi, ili cheni iviringike kwenye meno ya sproketi badala ya kuyakwaruza. Cheni ya saizi 428, ambayo ni ya kawaida kwa pikipiki za kazi, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini.

Mchanga ukichanganyika na oili kwenye cheni huwa uji mweusi unaosaga chuma siku nzima. Usafishe kwa mafuta ya taa na brashi, upanguse, uache cheni ikauke, kisha upake oili kwa upande wa ndani. Gurudumu likizunguka, oili itasambaa kuelekea nje yenyewe. Petroli usiitumie. Mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu, na petroli yenyewe huharibu vipete vya mpira kwenye cheni zilizo navyo. Na injini iwe imezimwa kila unapogusa cheni. Vidole vingi vimepotea kati ya cheni na sproketi kwa sababu ya haraka ya dakika moja.

Kromu, ndugu wa yakuti

Je, wajua kwamba mng'ao wa usukani na vioo vya pembeni hutokana na tabaka la kromu ambalo mara nyingi halifiki unene wa mikroni moja? Unywele wa binadamu una mikroni kama 70. Kromu iligunduliwa mwaka 1797 na Mfaransa Louis-Nicolas Vauquelin ndani ya madini mekundu kutoka Siberia. Jina lake limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya rangi, na kwa haki kabisa: kromu kidogo ndiyo inayofanya yakuti iwe nyekundu, ikiwemo ile inayochimbwa Longido, kaskazini mwa Tanzania.

Kromu yenyewe ni ngumu, lakini tabaka lake lina vitundu visivyoonekana. Maji hupenya humo, na chuma cha chini hutoa vidoa vya kutu. Usikimbilie msasa, kwa kuwa tabaka jembamba namna hiyo likiisha halirudi. Chukua karatasi ya foili ya jikoni, ikunje, ichovye kwenye maji na usugue taratibu. Alumini ya foili ni laini mara nyingi kuliko kromu, kwa hiyo hukwangua kutu na kuacha kromu salama. Wengine huchovya kwenye soda ya kola. Wanachokitafuta humo ni asidi ya fosforiki, ambayo hulainisha kutu. Ukifanya hivyo suuza vizuri, sukari isije ikabaki ikakusanya vumbi.

Majivu ni ya sufuria

Je, wajua kwamba alumini haishiki kutu nyekundu kwa sababu hujivika ngao yenyewe? Inapogusa hewa tu, hufunikwa na tabaka la oksaidi jembamba ajabu, na tabaka hilo huzuia hewa isiendelee kula ndani. Kutu ya chuma ni kinyume chake. Yenyewe huvimba hadi kuchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichokuwapo, ikabanduka, na chuma kipya kikabaki uchi.

Bibi zetu walisugua sufuria kwa majivu na makumbi ya nazi, na zikawaka. Walisugua vyombo vya shaba kwa ndimu na ukwaju, na asidi ya matunda hayo ikayeyusha weusi. Maarifa hayo ni ya kweli, ila kila kimoja kina mahali pake. Majivu yana magadi, na magadi makali huyeyusha ngao ya alumini. Injini na rimu za alumini zikisuguliwa kwa majivu, au kwa soda kali ya kuzibulia mabomba, hupauka na kuwa na mabaka ya kijivu. Maji, sabuni laini na polishi ya alumini vinatosha.

Nta kutoka kwenye majani, deheni kutoka ufukweni

Je, wajua kwamba nta bora ya kung'arishia rangi hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili? Unaitwa karnauba. Majani yake hujipaka nta ili yasikaushwe na kiangazi. Nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzi joto 80 na kitu, wakati nta ya nyuki huyeyuka kwenye 60 na kitu. Ndiyo maana huvumilia tangi lililoanikwa juani.

Watu wa pwani hawakungoja kopo la dukani ili wajue thamani ya kupaka. Mafundi wa majahazi walipaka mbao sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu ya chini wakaipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, ili maji na wadudu wa baharini wasile ubao. Fikra ni ile ile: kati ya chombo na adui, weka tabaka.

Nta hupakwa kidogo sana, kwenye rangi iliyosafishwa na kukauka kabisa. Iache ipauke kama ukungu, kisha ifute kwa kitambaa laini cha pamba. Mng'ao ni uso ulionyooka. Mikwaruzo hutawanya mwanga kila upande. Uso laini huurudisha wote pamoja, na hapo ndipo unapojiona usoni mwa tangi.

Tairi nyeusi, na mahali pasipopakwa kitu

Je, wajua kwamba matairi ya kwanza hayakuwa meusi? Mpira wa asili ni wa rangi ya maziwa. Ndiyo sababu yule mtu wa matangazo wa kampuni ya Michelin, aliyebuniwa mwaka 1898, ni mweupe hadi leo. Weusi ulikuja baadaye, baada ya viwanda kuchanganya mpira na masizi, nayo yakauongezea uimara na kuukinga na jua.

Wapo wanaopaka tairi dizeli au oili chakavu ili iwake. Mafuta hayo hulainisha mpira na kuuozesha, na vumbi hujaa saa ile ile. Polishi ya tairi ipakwe ubavuni tu. Usiipake kamwe kwenye sehemu inayogusa barabara, kwenye diski ya breki, wala kwenye siti. Siti inayoteleza humtupa abiria breki inaposhikwa ghafla.

Kwa ufupi

Je, wajua kwamba pikipiki ya kwanza ya petroli, iliyotengenezwa na Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach mwaka 1885, ilikuwa na fremu ya mbao? Kutu haikuipata. Iliteketea kwa moto mwaka 1903.

Je, wajua kwamba Honda Super Cub ilizaliwa mwaka 1958 ikiwa na kinga pana mbele ya miguu ili tope na upepo visimfikie dereva? Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100.

Je, wajua kwamba dawa ya WD-40 ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kwa ajili ya kufukuza maji na kutu kwenye roketi? Namba 40 ni jaribio lililofaulu. Hulegeza nati na kukausha unyevu vizuri, lakini haidumu kama oili ya cheni.

Je, wajua kwamba dawa ya meno huondoa ukungu kwenye plastiki ya taa ya mbele? Ndani yake mna unga laini wa kusugulia. Hakikisha tu taa imeoshwa kwanza.

Maji machafu yana pa kwenda

Je, wajua kwamba, kwa hesabu za Shirika la Mazingira la Marekani, oili chakavu ya gari moja iliyobadilishwa mara moja inaweza kuchafua takriban lita milioni 3.8 za maji safi? Fikiri juu ya pikipiki zinazooshwa kila asubuhi ndani ya mto, zikitoa grisi na oili pale pale ambapo mtu wa chini ya mkondo anachota maji ya kupikia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Beba maji kwa ndoo, oshea mbali na mto, na uji mweusi wa cheni ukusanye kwenye kopo.

Kabla hujaondoka

Ukimaliza, washa injini dakika chache ili joto likaushe unyevu. Ondoka polepole, ukishika breki kidogo kidogo mara kadhaa, maana breki iliyolowa haishiki sawasawa na watu wameangukia mita chache tu kutoka walipooshea. Kagua na namba ya usajili, taa na indiketa: vyote vionekane.

Kisha fanya jambo moja ambalo mashine haiwezi kukufanyia. Pitisha mkono wako kwenye kila nati, kila spoki, kila maungio ya fremu. Spoki iliyolegea, oili inayovuja, ufa mwembamba chini ya siti, vyote hujificha kwenye tope na hujitokeza kwenye chuma safi. Pikipiki hiyo inambeba mama mjamzito usiku na mtoto wa shule asubuhi. Ioshe kwa mikono yako walau mara moja kwa wiki, na ufa ukiuona, usipande tena hadi fundi auone.